Suti ya kuzamia: ipi kwa maji yapi, kutoka Ziwa Albert hadi Bunyonyi

Julai, saa mbili asubuhi, upepo wa kusini ukiwa umelichafua ziwa usiku kucha, niliingia majini karibu na Jinja kukagua nyavu za vizimba vya samaki. Nilivaa suti fupi ya mpira wa unene wa milimita 2, ile inayoishia juu ya magoti. Saa yangu ya kuzamia ilionyesha nyuzi 24 za Selsiasi. Dakika ishirini za kwanza zilikuwa raha tupu. Ilipofika dakika ya arobaini nilishika sindano ya kushonea nyavu, nikaona vidole havinitii. Fundo ninalolifunga nikiwa nimefumba macho lilinishinda mara tatu. Nilipopanda mtumbwini meno yalikuwa yanagongana, na mwenzangu aliyekuwa anashika kamba akanivisha koti lake, jua la Ikweta likiwa limeshapanda.

Pale ufukweni mvuvi mmoja alituuliza, "Mzee, maji haya ya moto, suti ya nini?" Ni swali la haki kabisa. Anayeogelea dakika kumi akatoka haihitaji. Lakini anayefanya kazi chini ya maji saa nzima anapoteza joto tangu dakika ya kwanza, polepole, bila kusikia. Maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa. Mwili wako una nyuzi 37, na ukishuka chini ya 35 umeshaingia kwenye hatari. Ili mtu asiye na suti akae majini akiwa ametulia bila kupoteza joto, maji yanatakiwa yawe na nyuzi 33 hadi 35. Hakuna ziwa letu hapa Uganda lenye joto hilo.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha suti, tuyajue maji yetu.

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Juu yake maji huwa na nyuzi 24 hadi 27 kutegemea msimu na saa. Si ziwa la kina kirefu kwa ukubwa wake, mita 80 na kidogo tu pale linapozama zaidi, kwa hiyo tofauti ya joto kati ya juu na chini ni ndogo. Kuanzia Juni hadi Agosti pepo za kusini-mashariki hulikoroga, maji ya juu na ya chini yakachanganyika, na baridi ikawa ile ile popote ulipo. Nile pale Jinja ni maji hayo hayo, ila yanakwenda, na maji yanayokwenda huiba joto haraka kuliko yaliyotulia. Ziwa Albert liko chini kwenye Bonde la Ufa, mita 620 hivi, nalo ni la moto zaidi, mara nyingi nyuzi 27 hadi 29. Bunyonyi, kule Kabale, liko karibu mita 1,960, na ukitumbukiza mkono tu unajua umebadilisha hali ya hewa.

Wengi wetu tunajifunza kuzamia pwani, Mombasa au Zanzibar. Huko maji hufika nyuzi 28 hadi 30 Kaskazi inapokaribia kuisha, na hushuka hadi 24 au 25 wakati wa Kusi. Mtu akirudi na suti aliyoizoea Februari baharini, akaingia nayo Victoria mwezi Julai, yatamkuta yaliyonikuta mimi.

Tutalinganisha kwa mambo gani

La kwanza ni joto la maji, lakini likienda pamoja na muda. Maji ya nyuzi 25 kwa dakika 20 na maji hayo hayo kwa dakika 90 ni maji mawili tofauti. La pili ni kina. La tatu ni ngozi: maziwa yetu yana kichocho, yana nyaya na mabati yaliyozama, na mahali pengine yana maji machafu ya mjini. La nne ni uzito wa risasi, yaani vipande vya madini ya risasi vya kukusaidia kuzama, utakaobeba kiunoni na wepesi wa mikono na miguu kazini. La tano ni bei na matunzo.

Hilo la kina linataka maelezo kidogo, kwa kuwa ndilo linalowadanganya wengi. Suti ya mpira hutengenezwa kwa neoprini, mpira uliobuniwa katika kampuni ya DuPont huko Marekani mwaka 1930. Mwanafizikia Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California ndiye aliyeona, mwaka 1952, kwamba mzamiaji hahitaji kubaki mkavu ili apate joto. Kinachomkinga si maji yaliyoingia kati ya suti na ngozi. Ni viputo vidogo vya gesi vilivyofungiwa ndani ya mpira wenyewe. Maji yale yanatakiwa yawe machache tu, yasizunguke. Basi, viputo hivyo hubanwa kadiri unavyoshuka. Katika mita 10 hubaki karibu nusu ya ujazo, na katika mita 20 karibu theluthi. Suti ya milimita 5 uliyoivaa mtumbwini si ya milimita 5 tena kule chini. Na kwa kuwa tuko juu ya usawa wa bahari, hewa ya kwetu ni nyepesi: juani ufukweni viputo vinakuwa vimevimba kidogo kuliko pwani, kisha kwenye mita chache za kwanza vinabanwa kwa kasi zaidi. Utaisikia tofauti hiyo kwenye mkanda wa risasi.

Suti ya laikra

Ni kitambaa chembamba kinachovutika, mfano wa nguo za waendesha baiskeli. Kwa joto haisaidii sana. Inafaa kwenye nyuzi 28 kwenda juu na kwa muda mfupi: Albert mchana, au Zanzibar mwezi Februari. Kina hakiibadilishi kwa kuwa haina viputo vya kubanwa. Inakinga jua la mgongoni, mikwaruzo midogo, na baharini inapunguza miwasho ya yavuyavu. Kichocho haikizuii, kwa hiyo usiivae ukidhani umejikinga.

Haihitaji risasi ya ziada, haichoshi mwili, ni rahisi kuliko zote kwa bei, na inakauka wakati unakunywa chai. Inamfaa anayeogelea juu juu na anayezamia mara moja kwa siku kwenye maji ya moto. Inamfaa pia mwenye suti nene inayokataa kupanda mwilini: ukianza na laikra ndani, mpira unateleza.

Suti ya mpira ya milimita 3

Zipo za aina mbili, fupi na ndefu. Fupi inaacha mikono na miguu wazi, ni nyepesi, lakini kwa kazi ya kwetu naiona ya mazoezi zaidi. Ndefu ndiyo ninayoizungumzia hapa.

Joto lake ni nyuzi 25 hadi 28 kwa mizamo ya dakika 40 hadi saa moja. Hiyo inachukua sehemu kubwa ya mwaka Ziwa Victoria, na Albert karibu mwaka mzima. Ukiongeza kofia ya mpira kichwani inasogea hadi nyuzi 24 bila wewe kununua suti nyingine, na kofia haigharimu sana. Kwenye kina, milimita 3 zikibanwa hubaki kidogo sana, kwa hiyo anayeshuka zaidi ya mita 20 ataanza kusikia baridi mapema kuliko aliyebaki kwenye mita 8 za kizimba.

Kwa ngozi inafanya kazi nzuri dhidi ya waya, kona za mabati na magamba ya konokono. Dhidi ya kichocho inapunguza eneo lililo wazi, lakini maji yanaingia shingoni na mikononi, na vijidudu vya kichocho vinapenya ngozi kwa dakika chache tu. Konokono wanaovibeba hukaa kwenye maji mafupi yenye majani. Hatari basi iko zaidi pale unapovuka magugu maji ukielekea mtumbwini na pale unapovulia suti ukiwa umesimama majini. Panda na ushukie kwenye kina, ujifute mara unapotoka, na upime kichocho kila mwaka kwenye kituo cha afya. Dawa yake, praziquantel, ipo.

Mshono wake mara nyingi ni ule wa bapa, laini kwa ngozi, ambao hupitisha maji kidogo. Kwa nyuzi hizi si kasoro. Mikono inakunjuka vizuri, risasi ni chache, na kukauka kivulini ni kazi ya siku moja. Inamfaa mwanafunzi, mpiga picha, mkaguzi wa vizimba anayeingia mara moja au mbili kwa siku, na msafiri anayetaka suti moja ya Victoria na ya pwani.

Suti ya mpira ya milimita 5 na ya 7

Hapa ndipo watu wa Uganda wanapobishana zaidi, na kila upande una hoja yake.

Milimita 5 ni ya nyuzi 20 hadi 24, au ya nyuzi 24 na 25 kama utakaa muda mrefu. Anayeshona nyavu saa mbili, au anayesafisha chujio la bomba la maji akiwa hasogei, hazalishi joto kama anayeogelea. Kwake milimita 5 Ziwa Victoria si anasa, hasa Juni hadi Agosti, na hasa kwenye mzamo wa pili na wa tatu wa siku. Baridi hujilimbikiza. Mwili uliotoka majini saa nne bado haujalipa deni unapoingia tena saa sita. Bunyonyi ningeanzia hapa, na kofia juu yake. Milimita 7 ni ya nyuzi 15 hadi 20: asubuhi za baridi za Bunyonyi kwa anayekaa sana, au safari ya Afrika Kusini, ambako maji ya Cape Town hushuka chini ya nyuzi 15 na hata hiyo saba ikaonekana nyembamba.

Hoja ya upande wa pili ni nzito vilevile. Mpira mnene unaelea, na kuelea huko lazima ukulipie kwa risasi. Ukitoka milimita 3 kwenda 5 utaongeza kilo kadhaa kiunoni, na kwenda 7 zaidi. Kisha ukishuka mpira unabanwa, unapoteza ule uwezo wa kuelea, na risasi uliyoifunga juu inakuwa imezidi chini. Lazima ujaze hewa kwenye jaketi la kuzamia, lile linalojazwa hewa ili uelee, na ukisahau kuitoa unapopanda, jaketi na suti vitakurusha juu. Mwenye mizamo michache asianze na suti nene bila mtu wa kumwangalia.

Hesabu ya risasi uliyoijifunza baharini nayo haifai kwetu. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji ya ziwa yasiyo na chumvi kwa asilimia 2.5 hivi. Mtu ambaye yeye na vifaa vyake vyote wana kilo 100 atapunguza karibu kilo 2.5 akitoka Mombasa kuja Entebbe na suti ile ile. Kama umebadilisha suti pia, pima upya kwenye maji mafupi kabla ya kushuka. Na kwa kuwa karibu maziwa yetu yote yako juu ya mita 300, majedwali ya muda wa kuzamia ya usawa wa bahari hayatumiki kama yalivyo. Weka saa yako kwenye hali ya mwinuko. Nimeona watu wakibishana juu ya milimita za suti na saa zao bado ziko Mombasa.

Tatizo lingine la mpira mnene liko nje ya maji. Mchana kwenye mtumbwi usio na kivuli suti ya milimita 7 ni kama chungu motoni. Ivae dakika za mwisho, iache wazi hadi kiunoni, jimwagie maji. Kwa ngozi ni kinga bora kuliko ya milimita 3, maana mshono wa suti nzuri za unene huu umeunganishwa kwa gundi na sindano haikutoboa mpira hadi upande wa pili, kwa hiyo maji yanaingia kidogo sana. Bei iko juu kiasi. Kukauka ni siku mbili kivulini, na kwa hewa yetu ya ziwani itaota ukungu ikikunjwa na unyevu.

Inamfaa mfanyakazi wa saa nyingi, mwembamba asiye na mafuta mwilini, mtu aliyevuka miaka hamsini anayesikia baridi haraka, na yeyote anayeelekea Kigezi, kule kwenye Bunyonyi.

Suti kavu

Hii haipitishi maji kabisa. Ina lakiri za mpira, yaani pete zinazobana maji yasiingie, shingoni na mikononi, zipu isiyovuja, na ndani unavaa nguo za joto. Joto basi linatoka kwenye nguo za ndani zaidi kuliko kwenye suti. Kwa nyuzi chini ya 15 ndiyo ya kufikiria kwanza, na hapa kwetu hakuna ziwa la kawaida la kazi lenye baridi hiyo. Ukiishia hapo utasema haina maana Uganda.

Lakini rudi kwenye jambo la tatu, ngozi. Mfereji wa Nakivubo unabeba maji machafu ya Kampala hadi Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, karibu na Port Bell. Anayetafuta mwili uliozama, ushahidi au gari kwenye maji ya namna hiyo havai suti kwa ajili ya baridi. Kwake suti kavu ya mpira mzito unaooshwa kwa dawa, pamoja na barakoa inayofunika uso mzima na glavu zilizounganishwa na suti, ni kinga ya uhai. Hiyo ndiyo inayomkinga na kichocho pia, maana hakuna ngozi inayogusa maji.

Gharama yake si pesa tu, ingawa moja mpya inaweza kuzidi suti kadhaa za mpira zikiwekwa pamoja. Kwenye maji ya nyuzi 25 joto la mwili halina pa kutokea, na mzamiaji anaweza kuzidiwa na joto hasa akiwa bado nchi kavu. Vaa nguo nyembamba ndani, mizamo iwe mifupi, na awepo mtu wa kukumwagia maji. Kwenye kina lazima uiongezee hewa kutoka mtungini la sivyo inakubana, na hewa hiyo ikikimbilia miguuni utapinduliwa kichwa chini. Mafunzo yake ni ya peke yake, na cheti cha kuzamia cha kawaida hakitoshi. Lakiri za mpira huoza kwa joto na jua, zipu inataka nta, na fundi wa kuibadilisha utamtafuta mbali. Inawafaa waokoaji, polisi wa majini, wachunguzi wa mabomba ya maji taka, na msafiri wa nchi za baridi. Anayezamia kwa kupenda tu kwenye Victoria hataona faida yake.

Ukinunua iliyotumika

Suti nyingi zinazotufikia zimeshavaliwa. Bana mpira kwa vidole viwili mabegani na magotini, kisha uachie. Ukirudi haraka, viputo vipo. Ukibaki bapa, hiyo milimita 5 imekuwa 2 hata kama lebo inasema vingine. Vaa kabla ya kulipa. Iwe inakubana kila mahali bila kukuzuia kupumua, na chunguza bonde la mgongo juu ya kiuno, maana hapo ndipo maji hujikusanya. Suti za kike na za kiume zina mkato tofauti, na suti isiyo ya umbo lako haifidiwi na unene. Tundu dogo lisikutishe: gundi ya fundi viatu ya neoprini huliziba vizuri ukiipaka pande zote mbili na kusubiri ishike.

Kwa hali yako

Kama unajifunza na utakuwa unaenda Victoria mara moja moja, milimita 3 ndefu na kofia itakutosha, isipokuwa Julai ukiwa wa kuzama mara mbili kwa siku. Kama kazi yako ni vizimba kila siku, tafuta milimita 5, na uwe na ya 3 kwa miezi ya joto ikiwezekana. Albert, hasa kwa mizamo mifupi, hata laikra na suti fupi juu yake zinaweza kutosha, ila jua la kule ni kali na nyavu zilizotupwa ni nyingi, basi mikono mirefu ni bora. Nile penye mkondo ongeza hatua moja ya unene kuliko ungevaa ziwani kwenye joto lile lile. Bunyonyi nenda na kipimajoto, kishushe kwa kamba hadi kina utakachofanyia kazi, na usivae chini ya milimita 5 kwa mzamo unaozidi nusu saa. Maji machafu ya mjini ni suti kavu au kutoingia.

Na kama ni kikundi cha watu watatu mnaochangia suti kwa zamu, pesa zikitosha moja ya milimita 5 au mbili za milimita 3 za saizi tofauti, ningechukua hizo mbili. Suti pana, hata iwe nene, humwaga maji mapya ya baridi mgongoni kila unapoinama kushika wavu.